Si Kila Uvimbe ni Kansa, na Si Kila Jipu ni Jipu

Haya ni ya mama, nyanya, shangazi, dada, na kila mmoja anayelea mtoto au kumtunza mgonjwa nyumbani. Na wewe baba uliyekaa karibu na redio, usiondoke, haya yanakuhusu pia. Popote ulipo, uwe unachuma majani chai kule Rukuriri au Kionyo, unapalilia ndengu kule Mbeere, au umefungua kibanda chako sokoni Maua, nakuomba masikio yako kwa muda mfupi. Kama una mtoto anayenyonya, mpe titi tuendelee pamoja.

Leo tutazungumza juu ya uvimbe. Unaoga asubuhi, mkono unapita kwenye titi, au kwapani, au unamwosha mtoto shingoni, na vidole vinakutana na kitu kigumu ambacho hukukijua. Hapo hapo moyo unaruka. Neno la kwanza linalokuja kichwani ni kansa. Neno la pili, kwa wengi wetu, ni kaburi. Kuanzia siku hiyo usingizi umepotea, na bado hujamwambia mtu yeyote.

Nitawasimulia habari za akina mama wawili niliowahudumia. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike.

Mama wa kwanza alikuwa na miaka thelathini na kitu. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amemwachisha kunyonya karibu mwaka mmoja uliopita. Alipata donge kwenye titi la kushoto, gumu kama jiwe, lenye ukubwa wa yai la kuku. Ngozi juu yake ilikuwa imevutwa ndani, na chuchu nayo imeanza kuingia. Alinyamaza miezi minne. Hakumwambia mume wake. Aliacha kutoa mchango wa chama, akisema moyoni, pesa ya nini tena? Kila jioni alimwita binti yake wa kwanza, msichana wa miaka kumi na mmoja, akamfundisha kupika uji wa mdogo wake, kumwogesha, na kumfunga nepi. Siku moja akamwonyesha mahali vyeti vya kuzaliwa vilipofichwa. Mtoto alifikiri anafundishwa kazi za nyumbani tu. Kumbe mama yake alikuwa anamwachia boma.

Mama mkwe ndiye aliyegundua. Aliona kitambaa chenye usaha kikiwa kimeanikwa nyuma ya nyumba. Hakuuliza mengi, alimwita kijana wa boda boda akamleta kwetu. Nilipolishika titi lile, mimi mwenyewe nilisema moyoni, hii ni kansa, na imechelewa. Tukamwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Akapigwa picha ya ultrasaundi, na picha nayo haikuweza kukataa wala kukubali. Akachukuliwa kinyama kidogo kwa sindano, kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka, hayakuwa kansa. Ulikuwa uvimbe uliotokana na titi kuwaka ndani kwa ndani. Alitibiwa kwa miezi mingi, kwa sababu ugonjwa huo ni mkaidi, lakini alipona. Mara ya mwisho nilipokutana naye alikuwa anauza ndizi, na aliniongeza mbili juu.

Mama wa pili alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi mitano. Titi lake lilikuwa limevimba lote, lina joto na uzito. Nililitazama nikamwambia, "Usiogope mama, ni titi la maziwa hili, litapoa." Nikampa dawa za antibiotiki za wiki moja, kama tunavyofundishwa. Kumpa dawa si kosa. Kosa langu ni kwamba sikumwambia arudi tarehe ngapi. Zilipoisha bila nafuu, aliona aibu kurudi, akaenda kwingine akapewa dawa za aina nyingine. Zikaisha. Akanunua za tatu dukani. Aliporudi kwangu wiki kumi zilikuwa zimepita, na ngozi ya titi ilikuwa imefanya vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Safari hii kinyama kilipopimwa, ilikuwa kansa, ile aina inayovimbisha titi zima bila kuonyesha donge. Alianza matibabu. Sitasema zaidi ya hapo, kwa maana watoto wake wana redio.

Sasa nisikilizeni. Mimi ni muuguzi. Vidole hivi vimeshika matiti ya akina mama wengi. Na bado nilikosea mara mbili: nilipodhani ni kansa haikuwa, na nilipodhani ni jipu lilikuwa kansa. Ndiyo sababu nimechagua somo la leo. Uvimbe hausemi jina lake. Wewe hulijui, jirani yako halijui, mganga halijui, na mimi kwa vidole vyangu silijui. Jina la uvimbe hujulikana kwa kupimwa.

Kwanza tuelewane, kwa nini uvimbe usio kansa unaweza kufanana na kansa hivyo?

Mwili wako una askari wake. Ukichomwa na mwiba shambani, askari hao hukimbilia pale. Damu huongezeka, maji hujaa, mahali pale panakuwa pamoto, panauma na kuvimba. Hiyo ni kazi ya kulinda boma. Mara nyingi askari wakimaliza kazi hurudi kambini, na uvimbe unaisha. Lakini wakati mwingine adui ni mkaidi, kama vile viini vya kifua kikuu, na askari hawawezi kummaliza. Basi wanamzunguka na kumjengea ukuta, ukuta juu ya ukuta. Wakati mwingine adui mwenyewe haonekani hata kwa hadubini, lakini askari wamekataa kuondoka. Ukuta huo ukikomaa unakuwa donge gumu, halina joto sana, limeshikana na ngozi. Ukiligusa utaapa ni kansa.

Madaktari nao wamedanganywa na madonge haya. Mwaka wa 1972 wataalamu wawili, Kessler na Wolloch, waliandika juu ya uvimbe wa titi wa namna hii, na hata kwenye kichwa cha makala yao walisema ni ugonjwa unaoiga kansa. Ndio ule uliompata mama wetu wa kwanza. Huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, mara nyingi ndani ya miaka michache baada ya kujifungua au kunyonyesha. Hausababishwi na uchafu, wala laana, wala kugombana na mama mkwe.

Sasa tuangalie sehemu tatu ambazo uvimbe huwasumbua zaidi akina mama na watoto wao: titi, shingo pamoja na kwapa, na taya.

Tuanze na titi.

Mama anayenyonyesha anaweza kuvimba titi, hasa katika wiki za kwanza. Panauma, pana joto, unasikia homa na baridi ya kutetemeka kama malaria. Vitabu vingi husema ngozi inakuwa nyekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama kama mahali hapo pamekuwa peusi zaidi au rangi ya zambarau, halafu linganisha joto lake na titi la pili kwa nyuma ya mkono. Likikupata hilo, usimwachishe mtoto. Endelea kumnyonyesha kama kawaida. Usilikande titi kwa nguvu wala kulichua kwa kitu cha moto, kwa maana unaliumiza zaidi. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi husaidia kupunguza maumivu na uvimbe. Kama unaishi na virusi vya HIV, njoo haraka uongee na muuguzi wako, atakuelekeza namna ya kumlisha mtoto hadi titi lipone.

Homa isipopungua siku hiyo au siku ya pili, nenda ukaonwe. Ukipewa dawa, titi linatakiwa kuanza kupata nafuu ndani ya siku 2. Kama halipati nafuu, huenda ndani kuna usaha umejikusanya, na usaha hautolewi kwa vidonge peke yake. Siku hizi mara nyingi hutolewa kwa sindano, daktari akitazama kwa ultrasaundi, bila kupasua jeraha kubwa.

Sasa shika neno hili, maana ndilo nililosahau kumwambia yule mama wa pili. Ukimaliza dawa zako na bado titi limevimba, au donge limebaki, usinunue nyingine dukani. Rudi. Ikifika wiki 2 bila kupona, omba picha ya ultrasaundi, na daktari aamue kama kuchukuliwe kinyama. Maziwa kuendelea kutoka si dhamana kwamba hakuna kansa. Kuwa mdogo wa umri si dhamana. Kutokuwa na donge si dhamana. Ngozi ikifanya vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikiingia ndani na zamani ilikuwa nje, au titi moja likawa kubwa kwa haraka bila homa, usingoje hata hizo wiki 2.

Kuna na donge jingine linalofuata kuumia. Umegongwa kifuani na pembe ya ng'ombe ukikamua, au mkanda wa gari umekubana matatu ilipofunga breki. Mafuta yaliyo ndani ya titi yanaweza kufa pale na kuacha donge gumu baada ya wiki au miezi. Hilo nalo si kansa, lakini kwa mkono linafanana nayo kabisa. Kwa hiyo hata kama unakumbuka siku uliyogongwa, nenda upimwe. Mara nyingi mtu anakumbuka kugongwa kwa sababu tu anatafuta sababu.

Tuendelee na shingo na kwapa.

Mama mwenye mtoto mchanga, huenda ukagusa uvimbe mdogo kwenye kwapa la kushoto. Kabla hujalia, kumbuka sindano ya BCG aliyopewa mkono wa kushoto baada ya kuzaliwa. Sindano hiyo humkinga na kifua kikuu kikali cha utotoni. Kwa watoto wachache, tezi ya kwapa huvimba wiki au miezi baadaye, kwa sababu askari wa mwili wanajifunza kazi. Mara nyingi hunywea yenyewe. Usiikamue, usiitie dawa ya kienyeji, wala usikubali ikatwe na mtu wa kijijini. Mlete tu kliniki siku ya kupima uzito tuitazame. Lakini ikiwa inakua haraka, imekuwa laini kama ina usaha, au mtoto haongezeki uzito, usingoje siku ya kliniki.

Watoto wakubwa kidogo hupata mitoki shingoni kila mara. Koo limeuma, sikio linatoa usaha, jino limeoza, au kuna mashilingi kichwani, na tezi zilizo karibu huvimba. Tibu kile kilichosababisha, na tezi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Nenda mbele zaidi ukiona tezi imebaki au inaendelea kukua baada ya wiki 4, imezidi sentimita 2, yaani karibu upana wa kidole gumba cha mtu mzima, au iko juu ya mfupa wa mtulinga hapo chini ya shingo. Nenda pia kama mtoto au mtu mzima anakonda, ana homa isiyoisha, au anatoa jasho usiku hadi shuka linaloa.

Tezi za namna hiyo, kwetu, mara nyingi ni kifua kikuu. Ndiyo, kifua kikuu kinaweza kukaa shingoni bila mtu kukohoa hata mara moja. Tezi zinavimba polepole, haziumi sana, zinashikana kama viazi vya shina moja, na mwishowe zinaweza kupasuka na kutoa usaha usiokauka. Watu husema amerogwa, au ni kansa. Ni ugonjwa unaotibika. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. TB iliyo kwenye tezi peke yake haiambukizi jirani, lakini lazima kifua kipimwe pia, na watu wa nyumbani wachunguzwe. Na usishtuke kama katika wiki za kwanza tezi zinavimba zaidi kidogo. Hilo hutokea. Rudi uonwe, lakini usiache dawa.

Na kwa kuwa wengi wetu tunafuga ng'ombe, niongeze neno moja. Iko TB ya ng'ombe ambayo humwingia mtu kupitia maziwa mabichi, na mara nyingi hukaa kwenye tezi za shingo au tumboni. Maziwa chemsha hadi yapande, hata kama ng'ombe ni wako na unamjua kwa jina.

Lakini kumbuka kichwa cha mazungumzo yetu. Iko pia kansa ya tezi, inaitwa limfoma, ambayo hufanana na TB kama mapacha. Uvimbe shingoni, homa, jasho la usiku, kukonda. Wako watu wanaomeza dawa za TB kwa miezi kumbe wana limfoma. Kwa hiyo ukiambiwa una TB ya tezi, uliza kwa heshima kama tezi inaweza kuchomwa sindano ipimwe. Na kama umeshaanza dawa, umezimeza vizuri miezi 2 na tezi zinazidi kukua, rudi ukaseme waziwazi.

Sehemu ya tatu ni taya la mtoto.

Mtoto akivimba shavu, tunasema ni jino. Mara nyingi ni jino kweli, na jino likitibiwa uvimbe unaisha kwa siku chache. Lakini sikiliza kisa hiki cha hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka wa 1957 daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago huko Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya kwa namna ambayo hakuielewa. Akatafuta wengine. Mwaka wa 1958 akaandika juu ya watoto hao, na baadaye akasafiri nchi nyingi za Afrika kuuliza ni wapi ugonjwa huo unaonekana. Akakuta uko zaidi katika sehemu za joto na mvua, zile zenye malaria nyingi, na ni nadra huko juu kwenye baridi. Leo kansa hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt. Inakua haraka sana, unaweza kuona tofauti kati ya Jumapili na Jumatano. Meno yanalegea yakiwa hayajaoza. Jambo la kutia moyo ni kwamba husikia dawa, na watoto wengi wakiwahi hupona bila kukatwa taya. Kwa hiyo taya likivimba, jino likatibiwa, na baada ya wiki moja uvimbe uko pale pale au umeongezeka, usimng'oe mtoto jino la pili. Mpeleke hospitali.

Sasa labda unauliza, sista, unasema kupimwa, kupimwa. Kupimwa kwenyewe ni vipi?

Kwanza utaulizwa maswali na kushikwa na mhudumu. Unaweza kuomba mhudumu mwanamke, au uwe na mtu wako ndani. Pili, picha. Ultrasaundi haiumi, ni kama ile ya mama mjamzito. Kwa wanawake wa miaka 40 kwenda juu, mara nyingi huongezwa mamogramu, ambayo ni eksirei ya titi. Picha huonyesha kama ndani kuna maji, usaha au nyama. Lakini kama tulivyoona kwa mama wa kwanza, picha nayo inaweza kudanganywa. Kwa hiyo hatua ya tatu ndiyo yenye uamuzi: sindano. Unapigwa dawa ya ganzi, halafu sindano inachukua kipande cha nyama chembamba kama kipande kifupi cha uzi. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kipande hicho hukatwa vipande vyembamba sana na kutazamwa kwa hadubini na daktari aliyesomea kazi hiyo. Kikitiliwa shaka ya TB, hupimwa pia kama kina viini vya TB.

Najua kuna maneno yanayozunguka vijijini: "Kansa ikiguswa na chuma inasambaa." Hayo yamewaua wengi. Sindano ya kupima titi haifanyi kansa ienee mwilini. Watu wameona mgonjwa anapimwa leo na anakufa baada ya miezi mitatu, wakasema ni sindano. Lakini mgonjwa huyo alikwenda kupimwa akiwa amekaa na uvimbe mwaka mzima. Kilichomuua ni ule mwaka.

Wengine husema, "Bora nisijue." Mama, wewe ulishajua siku ile mkono wako ulipoligusa. Tangu siku hiyo unabeba kansa moyoni, hata kama kwenye titi haipo. Yule mama wa kwanza alibeba miezi minne ya kifo ambacho hakikuwa chake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na hata ikiwa ni kansa kweli, kansa ya titi ikishikwa mapema inatibika, na wanawake wengi wanaishi baada yake.

Nikupe maswali manne ya kwenda nayo. Yaandike nyuma ya kadi yako ya kliniki, au mwambie mtoto wa shule akuandikie.

La kwanza: Unafikiri uvimbe huu ni nini, na unaweza kuwa nini kingine?

La pili: Ni kipimo gani kitakachotuambia kwa hakika?

La tatu: Nisipopata nafuu, nirudi tarehe ngapi?

La nne: Majibu yatatoka lini, na nitayachukua wapi?

Muuguzi au daktari mzuri hatakasirika. Mimi ningeulizwa lile swali la tatu siku ile, pengine leo ningekuwa na kisa kingine cha kusimulia.

Majibu yakitoka, omba nakala yake na uiweke pamoja na vyeti vya nyumbani. Mtu asikukate titi zima wala kukuanzishia dawa za kansa kwa kukisia, kabla ya majibu ya kinyama kuwapo. Na kama majibu yamesema si kansa, shukuru Mungu, lakini endelea kwenda siku unazoitwa. Uvimbe ukizidi kukua baada ya majibu mazuri, rudi upimwe tena. Kipande kidogo kinaweza kuchukuliwa pembeni mwa tatizo.

Kuhusu safari na gharama. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako. Hapo utapewa barua ya kwenda hospitali kubwa, na kwa wengi wetu njia hiyo huishia hospitali ya rufaa ya Embu au ya Meru. Usiende bila barua na kadi zako za zamani, kwa maana zinaonyesha ni dawa zipi umeshatumia na kwa muda gani. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kama hujajiandikisha, jiandikishe sasa ukiwa mzima. Uliza mapema ni kipimo gani kinalipiwa na kipi utalipa mwenyewe, ili usifike ukarudishwa. Na ninyi wa vyama, mnapochangia harusi na matanga, wekeni pia kidogo cha nauli na kipimo. Ni pesa kidogo kuliko ya matanga.

Baba, neno lako ni hili. Mke wako akikuambia amepata uvimbe, usiseme "ngoja tuvune." Usiulize amepata wapi. Muulize tu, "Tunaenda siku gani?" Na wewe mama mkwe, ukiona kitambaa kimeanikwa nyuma ya nyumba, fanya kama yule alivyofanya. Usipeleke habari kwa majirani. Ita boda boda.

Kabla sijaaga, turudie kwa ufupi.

Uvimbe mwingi si kansa. Lakini hakuna anayeweza kukuambia hivyo kwa kuutazama au kuushika tu.

Titi la anayenyonyesha lianze kupata nafuu ndani ya siku 2 za dawa. Wiki 2 bila kupona, omba picha.

Tezi ya mtoto isiyopungua kwa wiki 4, ipimwe.

Taya lililovimba wiki moja baada ya jino kutibiwa, lipimwe.

Na usitoke kwa mhudumu yeyote, hata kama ni mimi, bila tarehe ya kurudi.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii ni moja. Kesho ukioga, jipapase matiti yote mawili pole pole kwa vidole vilivyolala, hadi kwapani. Jioni ukimwogesha mtoto, pitisha vidole shingoni mwake. Usipokuta kitu, asante. Ukikuta kitu, usimfundishe binti yako mahali vyeti vilipo. Vichukue wewe mwenyewe, viweke kwenye mkoba, na uje.

Mimi muuguzi wenu, nawatakia usiku mwema na familia zenu. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.